Kungu wa maji mafupi: mpira, chambo halisi au samaki wa plastiki?

Swali hili la namna ya kumvua kungu, samaki mwekundu wa mikoko, huja kwa sura moja karibu kila mara. Mtu amenunua pakiti ya vyambo vya mpira, ametazama video za wavuvi wa New Zealand wakipandisha samaki wekundu mmoja baada ya mwingine, kisha akashuka hori la Kilifi au la Mtwapa, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, alfajiri. Ametupa mpaka jua likawa utosini, hakuguswa. Hatua chache kutoka alipo, kijana mwenye mshipi wa mkono na vipande vya ngisi ana samaki saba wa aina ya tembo ndani ya mtumbwi. Ndipo anauliza: mpira haufai kwetu? Ninunue wale samaki wa plastiki wenye ndoana za matatu? Au nirudi kwenye ngisi kama babu zangu?

Nimevua kwa njia zote tatu, na zote zimenilisha. Zote pia zimeniacha nikirudi na kikapu kitupu, na nilipokaa nikatafakari, mara nyingi nilikuta nilichukua njia iliyo sawa nikaipeleka kwenye maji yasiyo yake.

Kwanza tujue tunamvua nani

Hapa ndipo video zile zinapotupotosha. Samaki anayeitwa snapper kule New Zealand, ambaye Wamaori humwita tāmure, ni Chrysophrys auratus wa ukoo wa Sparidae. Hutembea kwenye mchanga, changarawe na mawe, na ana magego ya kusagia kome na kaa. Katika Ghuba ya Hauraki wavuvi huacha boti ichukuliwe na upepo, wakatupa mpira mbele ya boti, ukashuka polepole. Mara nyingi akishika hukimbilia maji yaliyo wazi, kwa hiyo mvuvi anaweza kutumia uzi mwembamba na kumchosha kwa subira.

Wetu ni wa ukoo mwingine kabisa, Lutjanidae. Majina yao hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji: kungu, tembo, kelea, janja. Kwenye makala haya nitamwita kungu yule mwekundu wa mikoko, Lutjanus argentimaculatus, na nitamwita tembo yule mdogo wa manjano mwenye doa jeusi ubavuni, Lutjanus fulviflamma. Kungu ana meno ya mbele kama ya mbwa, na ana nyumba: shimo la mwamba, mzizi wa mkoko, nguzo ya gati. Hutoka nyumbani hatua moja, akapiga, akageuka arudi. Sekunde ile ya kwanza ndiyo uvuvi wote. Mara ya kwanza nilifunga uzi wa kilo 4, yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika, kama nilivyoona kwenye video, na kungu alinikatia mizizini kabla sijauzungusha mkono wa rili mara mbili. Alibaki na ndoana yangu mdomoni, na jambo lile liliniuma kuliko kumkosa.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua hapa chini, kwenye mikoko funga uzi wa kusuka wa kilo 9 au zaidi, na mbele yake nailoni nene ya kilo 15 hadi 20, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kaza breki ya rili kabla hujatupa. Kwenye mchanga na majani ya bahari, mbali na mwamba, unaweza kushuka hadi nusu ya hapo.

Mambo matano ya kuangalia

Nitazipima njia tatu kwa mambo yaleyale. La kwanza ni mahali na maji: kina, mkondo, weupe au tope. La pili ni mkono, yaani ustadi unaotakiwa. La tatu ni mfuko. La nne ni samaki anayekuja, wakubwa kwa wadogo. La tano, ambalo wengi huliruka, ni hali ya samaki unayemrudisha na ya bahari unayoiacha nyuma. Kungu hukaa horini na kwenye midomo ya mito utotoni, kisha huhamia miamba ya kina akikua. Hukomaa akiwa amefika kama nusu mita. Wengi tunaowapata kwenye maji mafupi hawajawahi kuzaa hata mara moja, kwa hiyo namna ndoana inavyomshika ni jambo kubwa.

Chambo cha mpira

Ni mwili laini wa sentimita 7 hadi 12, wa sura ya dagaa au kamba, uliovikwa ndoana yenye kichwa cha risasi.

*Mahali na maji.* Mpira unataka maji unayoweza kuona ndani yake angalau urefu wa mkono, na mkondo unaotembea taratibu. Kina cha pima moja hadi nne kinaufaa sana (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Siri yake kubwa ni uzito wa kichwa. Gramu 5 hadi 7 zinatosha kwenye pima moja ya maji yaliyotulia. Kwenye mlango wa hori utahitaji 10, pengine 14. Chagua kichwa chepesi kuliko vyote kitakachofika chini, kwa sababu samaki hupiga mpira unaposhuka. Ukizama kama jiwe, hapati muda wa kuudhania mlo.

Ndiyo sababu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, humtesa mvuvi wa mpira. Pale Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huvuka mita 3, na maji yote yale hupita kwenye midomo membamba ya mahori. Kichwa chepesi hakifiki chini, kizito hunasa. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, mkondo hupoa, na mpira hurudi kuwa mfalme. Ukilazimika kuvua bamvua, subiri saa ya mwisho ya maji kujaa au vua pale mkondo unapovunjika nyuma ya jiwe au kona ya mikoko. Karibu na mizizi tumia ndoana pana ambayo ncha yake inafichwa ndani ya mpira; hupita katikati ya matawi bila kunasa, na samaki akibana, ncha hutokeza.

*Mkono.* Hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa. Tupa, acha ushuke huku uzi ukiwa umenyooka bila kuuvuta, subiri uguse chini. Inua fimbo mara mbili kwa mkupuo mfupi, kisha ushushe tena. Kupiga kwa samaki mara nyingi ni kama mtu amekugusa uzi kwa ukucha, au unaona uzi umelala ghafla kabla ya wakati wake. Hapohapo vuta. Usingoje, kwa sababu hakuna damu wala nyama ya kumfanya aendelee kutafuna, akigundua, anatema. Ilinichukua msimu mzima kuacha kungoja, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umefundwa na ngisi.

*Mfuko.* Pakiti moja ina miili kadhaa na unaweza kuvua asubuhi nyingi, isipokuwa pakiwa na bunju. Bunju hukata mkia wa mpira kama mkasi, mmoja baada ya mwingine, nawe hupati kitu. Ukiinua mpira usio na mkia mara mbili mfululizo, hama pale. Vichwa vya risasi ndivyo vinavyopotea zaidi, kwa hiyo nunua vingi kuliko miili. Usichanganye mipira ya aina tofauti kwenye kisanduku kimoja juani: baadhi huyeyushana, na baadhi hula hata plastiki ya kisanduku chenyewe. Iache kwenye mifuko yake.

*Samaki anayekuja.* Wachache kwa idadi, lakini wa kuchagua. Tembo wadogo huudonoa, ila mwili wa sentimita 10 huwapunguza. Utapata pia chewa na kolekole.

*Hali ya samaki na bahari.* Kwa samaki, hii ndiyo njia yenye huruma kati ya hizi tatu. Ndoana ni moja, na kwa sababu unavuta mara moja, karibu kila mara iko kwenye mdomo. Kwa bahari, kinyume chake. Mpira hauozi. Kipande kilichotupwa kinakaa miaka, na samaki akikimeza hakimeng'enywi tumboni. Mimi huweka chupa tupu kwenye mtumbwi kwa ajili ya mikia iliyokatika. Mvuvi asiye tayari kufanya hivyo, ningependa aache mpira.

Chambo halisi kwa mshipi wa mkono

Ngisi, kamba, kipande cha pweza, dagaa, au mkizi mdogo aliye hai.

*Mahali na maji.* Hakuna maji yanayoikataa njia hii. Masika yakiingia na mito ikaleta udongo, kama Sabaki inavyoyageuza maji ya Malindi kuwa mekundu, mpira na plastiki havionekani, lakini harufu inasafiri. Usiku pia, na kungu ni mwindaji wa usiku na machweo kuliko mchana. Ukitia nanga juu ya mkondo ukiacha harufu iteremke kuelekea mwambani, unamwita atoke kwake. Unaweza kuvua chini ya gati, ukingoni mwa mlango, kwenye kina cha pima kumi ukitaka.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukivua naye upande wa Takaungu aliniona nikikazana na mpira maji yakiwa yamesimama. Akaniambia, "Mwanangu, hebu weka hicho. Maji hayatembei, nani akupelekee habari?" Akanipa kamba aliye hai na chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, dogo kama punje ya harage. Alikuwa akinifundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba maji yaliyosimama yanataka chambo kinachojitembeza chenyewe, na kwamba chubwi kubwa ni adui. Samaki akishika akahisi uzito, anaacha. Tumia dogo kuliko yote mkondo utakalokuruhusu.

*Mkono.* Kuanza ni rahisi, mtoto anaweza siku hiyohiyo. Kubobea ni kazi ya miaka: kujua kwa kidole kama anayedonoa ni tembo mdogo, hongwe au kungu anayebeba. Kamba hai mchome karibu na mkia, mkizi mdogo mchome puani, ili waogelee. Ukitumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha imepinda kuelekea shina lake, usivute kwa nguvu samaki anapobeba. Kaza uzi taratibu mpaka ndoana ijikamate yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Wengi huijaribu, huvuta kwa pupa kama walivyozoea, kisha husema ndoana hizi ni mbovu.

*Mfuko.* Mshipi kwenye kibao, ndoana na chubwi ni vitu vya bei ndogo kuliko fimbo na rili yoyote. Lakini chambo hununuliwa kila safari, au unatumia saa nzima kukitafuta, na kinahitaji barafu. Anayevua kila siku ajumlishe gharama hiyo kwa mwezi kabla ya kusema njia hii ni ya bei rahisi.

*Samaki anayekuja.* Wote. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndio udhaifu wake. Tembo, changu, hongwe mwenye miiba ya sumu, mkunga anayevuruga mshipi mzima, bunju tena. Kama unataka kitoweo cha nyumba, hakuna kinachoshinda. Kama unamtaka kungu mmoja mkubwa, utapita kwa wadogo ishirini, isipokuwa uweke chambo hai kikubwa ambacho wadogo hawakiwezi.

*Hali ya samaki na bahari.* Samaki humeza. Ndoana ya kawaida ikifika kooni, kumrudisha majini akiwa anavuja damu ni kumpeleka akafe mahali usipomwona. Ikiwa imeshuka, usiichokoe. Kata nailoni karibu na mdomo. Ndoana ya duara hupunguza sana jambo hili, na kwa mtu anayetaka kurudisha wadogo ningesema ni lazima. Upande wa bahari, chambo halisi hakiachi kitu nyuma ila chakula.

Samaki wa plastiki

Mwili mgumu wa sentimita 6 hadi 10 wenye ulimi chini ya mdomo, unaoufanya upige mbizi na kutikisika unapouvuta. Aina inayoelea ndiyo inayofaa huku.

*Mahali na maji.* Uwanja wake ni mdogo, lakini ndani ya uwanja huo anaua. Ni ukingo wa mikoko maji yanapokuwa yamejaa mpaka yameingia mizizini, na midomo ya vijito vya horini maji yanapoanza kupwa, wakati samaki wadogo wanalazimika kutoka na kungu anawasubiri kwenye kona. Kina kisizidi pima moja na nusu. Kwa sababu unatikisika, samaki huuhisi hata maji yakiwa na ukungu kidogo, ingawa si tope zito. Ukigonga mzizi, acha kuvuta. Utaelea ujiondoe wenyewe. Kwenye kina kirefu haufiki, na mkondo wa bamvua huupeperusha.

*Mkono.* Kuvuta hakuhitaji ufundi mkubwa kama wa mpira. Ufundi uko kwenye kutupa. Inabidi uangushe chambo ndani ya urefu wa mkono kutoka mizizini, tena na tena, ukiwa kwenye mtumbwi unaotembea. Ukikikosea kwa mita tatu, umevua maji matupu. Vuta mara tatu, simama, vuta tena. Pigo huja ukiwa umesimama. Na likija huhitaji kuuliza ni nini.

*Mfuko.* Mmoja huweza kugharimu kuliko pakiti nzima ya mpira, na ukinasa kwenye mzizi wa chini huenda umeupoteza asubuhi ya kwanza. Usiponasa, hudumu miaka. Angalia ndoana zake za kiwandani: nyingi ni laini mno kwa kungu, hunyooka. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, kwa sababu pete za kushikia ndoana huota kutu haraka.

*Samaki anayekuja.* Wakubwa zaidi, na wakali. Kungu, kolekole, na tengesi, ambaye atakata nailoni yako aondoke na chambo.

*Hali ya samaki na bahari.* Ndoana mbili za matatu ni ncha sita. Moja huingia mdomoni, nyingine jichoni au kwenye shavu, na samaki akirukaruka ndani ya mtumbwi, ya tatu inaingia kidoleni mwako. Ng'oa zile za matatu, weka ndoana moja moja zenye shina imara. Hupotezi samaki wengi, na kumfungua huchukua sekunde chache. Beba koleo ndefu hata hivyo.

Sasa, wewe uko wapi?

Kabla ya njia, hakikisha mahali. Kwenye hifadhi za taifa za bahari za Kenya, yaani Kisite, Mombasa, Watamu na Malindi, hakuna kuvua kwa njia yoyote. Maeneo tengefu yaliyo jirani nazo yana masharti yake. Dar es Salaam, maji ya Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu. Mafia ina kanda, kila moja na ruhusa yake. Pita ofisi ya uvuvi au kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, wa bandari unayoshukia, uliza leseni na mipaka. Watakueleza na mengine ambayo hayajaandikwa popote.

Ukiwa na mtumbwi mdogo horini siku za maji mafu, alfajiri, maji meupe, nenda na mpira wa sentimita 10 na kichwa cha gramu 7. Hiyo ndiyo siku ambayo njia ile ya New Zealand hukaribia kufanana na kwetu, mradi uzi wako uwe mnene.

Ukiwa una saa mbili tu baada ya kazi, na maji yanajaa jioni hadi kwenye mikoko, samaki wa plastiki atakupitisha mahali pengi kwa muda mfupi. Hakuna kutafuta chambo, hakuna barafu. Lakini kama mikono yako bado haijazoea kutupa, chukua mpira wenye ndoana iliyofichwa. Utakusamehe makosa ambayo plastiki haitakusamehe.

Masika, maji mekundu au usiku, usijitese. Ngisi au kamba, chubwi dogo, ndoana ya duara. Vivyo hivyo ukisimama juu ya gati au jiwe pasipo na nafasi ya kutupa.

Wakati wa kusi, upepo wa kusini, bahari ya nje ikichafuka, mahori hubaki na utulivu na njia zote tatu zinawezekana. Ndipo mkondo unapokuwa mwamuzi. Bamvua, chambo halisi ukiwa umetia nanga. Maji mafu, mpira. Ile nusu saa maji yakiwa kwenye kilele karibu na mizizi, plastiki. Wapo wanaobeba fimbo mbili, moja ya mpira na moja ya plastiki, na mshipi wa mkono chini ya ubao, wakabadilisha jinsi maji yanavyobadilika. Mimi nimeishia huko.

Ukivua kwa ajili ya sufuria ya watu sita, mshipi na ngisi, chukua tembo waliokomaa, waache wale wa kiganja. Ukivua kwa ajili ya raha ya kumshika na kumwachia, mpira kwanza, plastiki ya ndoana moja moja pili.

Na ukimpeleka mtoto kwa mara ya kwanza, usimpe fimbo. Mpe mshipi, kipande cha ngisi kisichozidi ukucha wake, mweke upande wa mtumbwi usio na mkondo, na umwambie auweke uzi juu ya kidole cha shahada. Atawajua tembo kabla ya adhuhuri. Fimbo itasubiri mwaka ujao.